Utafiti wa maabara: nimchague msimamizi au niichague taasisi?

Mtafuta_Njia

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wenzangu wote wa rika langu. Mwaka huu ninamaliza shahada ya kwanza ya mikrobiolojia, na nimekwisha kuamua kwamba ninataka kufanya utafiti wa maabara. Mafunzo kwa vitendo niliyoyafanya katika maabara ya mbu waenezao malaria yalinivutia kuliko somo lolote la darasani. Nilikuwa nikiwalisha viluwiluwi chakula cha samaki kilichosagwa, nikiangalia joto na unyevu wa chumba, na kuwawekea mbu wakubwa pamba iliyoloweshwa maji ya sukari. Kazi ndogo kama hizo zilinifanya nitamani kujua kila jambo linalomhusu mdudu huyo.

Nimepata nafasi mbili za shahada ya uzamili. Ya kwanza ni kwa profesa mwenye jina kubwa, katika taasisi yenye mashine za kisasa na wanafunzi wengi, ingawa nasikia husafiri mara kwa mara. Ya pili ni kwa mhadhiri wa chuo kikuu aliyemaliza uzamivu miaka michache iliyopita, mwenye maabara ndogo na wanafunzi wawili tu. Baba yangu, kwa upande wake, anauliza kama kazi hii ina mshahara wa kudumu au ni ya kuhangaika na mikataba maisha yote.

Ninaomba ushauri wa walio ndani ya fani: nitazame mtu au nitazame mahali? Na nitajuaje, kabla ya kujifunga, kwamba msimamizi fulani huwalea wanafunzi wake kweli?

Mtafiti_Wadudu

Marahaba, mdogo wangu. Mimi ni mtafiti wa mbu na nimesimamia wanafunzi wa uzamili kwa muda mrefu. Ushauri wangu ni kwamba umtazame mtu kwanza, na sababu yangu inatokana na namna kazi hii inavyojifunzwa.

Chukua kazi ambayo bila shaka uliiona kwenye mafunzo yako, ya kutofautisha Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis, aina mbili za mbu wa malaria wanaofanana. Hata kwa hadubini mbu hawa hawatofautiki, kwa hiyo tunachukua mguu mmoja wa mbu, tunatoa vinasaba, tunavizidisha kwa PCR, yaani njia ya kunakili kipande cha vinasaba mara nyingi, na kuvipitisha kwa umeme kwenye jeli ili vipande vijipange kwa urefu wao. Gambiae hutoa mstari wenye urefu wa jozi 390 za besi, na arabiensis hutoa wa jozi 315. Mwanafunzi anaponiletea picha yenye mistari inayong'aa ninafurahi pamoja naye, lakini macho yangu huanzia kwenye kishimo cha maji matupu, kile ambacho hakikutiwa mbu yeyote. Kikionyesha mstari, hata ukiwa hafifu, kuna uchafu ulioingia mahali fulani na hatuwezi kuisoma jeli hiyo. Sampuli moja ikionyesha mistari yote miwili, mwanafunzi mwenye haraka huandika kwamba amepata chotara, ilhali machotara ni adimu na mara nyingi kilichotokea ni miguu ya mbu wawili kuchanganyika, au ncha ya pipeti, kifaa cha kupimia na kuhamishia vimiminika, kugusa kirija cha jirani. Hapo msimamizi anatakiwa aketi naye, wafungue daftari la maabara, watafute ni siku gani, mchanganyiko upi na kirija kipi, kisha warudie kwa mguu mwingine wa mbu yuleyule. Mwanafunzi aliyepitishwa katika njia hiyo hahitaji kukumbushwa tena kwa nini tunaweka maji matupu. Wala si jambo dogo, kwa sababu gambiae hupenda kumuuma binadamu ndani ya nyumba, wakati arabiensis huuma nje pia na hunywa damu ya ng'ombe. Anayewachanganya wawili hawa anaweza kuishauri wilaya nzima vibaya kuhusu vyandarua na dawa za kupulizia ukutani.

Msimamizi asiyeonekana maabara hawezi kukufundisha hayo. Ataiona picha ya mwisho kwenye tasnifu, na wakati huo mbu wenyewe wamekwisha kutupwa.

Kama unataka mfano wa mwanabiolojia aliyeyahesabu malezi ya watafiti kuwa sehemu ya sayansi yake, soma habari za Thomas Odhiambo. Alizaliwa Mombasa mwaka 1931, akasoma Makerere, kisha akaenda Cambridge kufanya uzamivu chini ya Vincent Wigglesworth. Huyo Wigglesworth alikuwa ameonyesha, kwa majaribio ya mdudu mnyonya damu wa Amerika ya Kusini aitwaye Rhodnius, kwamba tezi ndogo iliyo nyuma ya ubongo hutoa homoni inayomzuia mdudu asikomae kabla ya wakati wake. Odhiambo aliichukua tezi hiyo akaichunguza katika nzige wa jangwani, tena katika dume aliyekwisha kukomaa, ambamo homoni hiyo ina kazi nyingine kabisa. Ninaupenda mfano huu kwa sababu swali lilitoka kwa mwalimu na mwanafunzi akalipeleka mahali ambapo mwalimu hakuwa amefika, jambo ambalo kila msimamizi angepaswa kulitamani.

Aliporudi Nairobi hakutosheka na maabara yake mwenyewe. Mwaka 1970 alianzisha ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, na mwaka 1983 kituo hicho kikaanza, kwa kushirikiana na vyuo vikuu vya Afrika, mpango wa ARPPIS wa kuwasomesha Waafrika uzamivu wa sayansi ya wadudu hapahapa barani. Wanafunzi walisajiliwa vyuoni na kufanya utafiti wao katika maabara za kituo, chini ya wasimamizi wa pande zote mbili. Kwa maoni yangu mpango huo umelifaa bara letu kuliko makala zote za Odhiambo za nzige, na ninasema hivyo nikiwa ninaziheshimu sana makala hizo.

Fundi_Sanifu

Ninakubaliana na dada kuhusu daftari na maji matupu, lakini naomba mahali pasidharauliwe. Mimi ni fundi sanifu wa maabara, na nimeona wanafunzi wenye wasimamizi wazuri sana wakikwama miezi mingi kwa sababu kimeng'enya cha PCR kiliagizwa nje ya nchi na kikachelewa bandarini, au kwa sababu umeme ulikatika mwishoni mwa wiki, jenereta haikuwaka, na sampuli zilizohifadhiwa katika nyuzi 80 chini ya sifuri zikayeyuka. Upendo wa msimamizi haurudishi sampuli iliyoharibika.

Kwa hiyo, utakapotembelea maabara hizo mbili, omba uonyeshwe friza na uulize nani hupigiwa simu usiku joto linapopanda. Uliza vitendanishi, yaani kemikali za majaribio, huchukua muda gani kufika, na nani hulipia. Uliza pia pipeti zilipimwa lini. Upimaji wenyewe ni rahisi: mikrolita 1000 za maji yaliyosafishwa zina uzito wa karibu gramu 1, kwa hiyo unavuta maji, unayaweka kwenye mizani nyeti, na unarudia mara kadhaa ukiona kama uzito unabaki uleule. Maabara ambayo hakuna anayejua kufanya hivyo hutoa namba ambazo mimi binafsi siziamini, hata mashine zake zikiwa mpya.

Jambo la pili ni kwamba sehemu kubwa ya malezi ya mwanafunzi hufanywa na mafundi sanifu. Sisi ndio tunaomwonyesha namna ya kushika pipeti, kuvaa glavu, kuandika jina na tarehe juu ya kirija kwa kalamu isiyofutika kwa spiriti. Msikilize msimamizi anavyozungumza na fundi wake, maana wewe pia utazungumziwa vivyo hivyo.

Msomi_wa_Pwani

Nitajibu swali la mzee wako, kwa kuwa halijaguswa. Ajira nyingi za utafiti katika nchi zetu hutegemea miradi yenye ufadhili wa miaka mitatu hadi mitano, na mradi ukiisha mkataba nao huisha. Ajira za kudumu zipo vyuoni na katika taasisi za serikali, lakini hazitoshi. Wanaodumu, kadiri ninavyoona, ni wale waliojifunza mapema kuandika maombi ya ufadhili na kuchambua takwimu wenyewe, kwa hiyo mchague msimamizi atakayekuruhusu uandike japo sehemu ya ombi la fedha na kukueleza kwa nini lilikataliwa.

Na kubalianeni mapema, kwa maandishi, kuhusu majina kwenye makala. Katika taasisi moja niliyofanyia kazi kabla ya uzamivu, nilikusanya na kuchambua sampuli za utafiti mzima, kisha makala ilipotoka jina langu lilikuwa kwenye shukrani tu. Jambo hilo liliniuma na linaniuma mpaka leo, kwa sababu ombi langu la kwanza la ufadhili wa masomo lilikwenda bila makala hata moja.

Mtafuta_Njia

Ninawashukuru nyote. Nimemsomea baba maelezo ya mikataba na ameyaelewa, ingawa hajafurahi. Bado nina swali moja: nikiwaendea wanafunzi wa wasimamizi hawa, niwaulize nini hasa? Ninaogopa wataogopa kusema ukweli.

Mtafiti_Wadudu

Usiwaulize kama msimamizi wao ni mzuri, kwa kuwa hakuna atakayejibu hapana. Waulize ni lini mara ya mwisho aliliangalia daftari lao, rasimu ya sura ya kwanza ilikaa kwake muda gani, na waliomaliza kabla yao wako wapi sasa. Halafu tafuta makala za hivi karibuni za kila mmoja uone kama majina ya mwanzo ni ya wanafunzi. Ukiruhusiwa, hudhuria kikao cha maabara, na uangalie inakuwaje mtu anapoleta matokeo yaliyoshindikana, kama kinachofuata ni maswali au ni kukaripiwa.

Kumbuka pia kwamba vyuo vingi huruhusu wasimamizi wawili. Mhadhiri mwenye muda anaweza kuwa msimamizi mkuu, na profesa akawa wa pili, hivyo ukapata mashine anazozisema kaka fundi bila kupoteza malezi ya kila siku. Waandikie wote wawili kabla ya kujaza fomu ya usajili, kwa sababu majina yakishapitishwa na kamati ya masomo ya uzamili, kumbadilisha msimamizi mkuu ni safari ndefu ya barua na vikao.