Marty wa Shiloh: shujaa au mwizi wa mbwa?

Mama Zawadi: Jana nimeangalia Shiloh na wanangu, ile filamu ya 1996. Marty, kijana wa West Virginia, anamficha mbwa wa jirani yao Judd Travers kwa sababu Judd anamtesa. Anawadanganya wazazi, chakula anakipeleka kwa siri. Binti yangu kaniuliza, "Mama, si ameiba?" Nikakosa la kusema. Wadau, nimjibu nini?

Kipanga: Kaiba, kwisha habari. Na huruma yote hiyo ya nini? Mbwa ni mbwa tu.

Fundi Saa: Kitabu chake cha 1991 kina utata zaidi. Dogo anamfuma Judd kaua paa jike msimu wa kuwinda umefungwa. Nipe mbwa, nami sisemi! Ila akakubali kumfanyia kazi, saa 20 kwa dola 2 kila saa. Mwambie binti: alilipa.

Binti Makunduchi: Kipanga, "mbwa ni mbwa tu" ndiyo nini? Yule mtu wa kwenye hadithi ya Mtume, aliyeteremka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi, chuoni hukusomeshwa?

Kipanga: Nilisomeshwa. Na chombo alichoramba mbwa kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Wewe unaosha?

Binti Makunduchi: Sahani zangu zinakuhusu nini? Kuosha chombo na kumpiga mateke kiumbe wapi na wapi?

Mzee wa Tandika: Hiyo mara saba sisi wa madhehebu ya Shafii tunashika sana, wale wa madhehebu ya Maliki wana yao, wanasema mbwa si najisi. Tuyaache. Mbwa wangu Simba alipigwa jiwe na watoto wa mtaani. Mpaka leo akisikia watoto wanacheka anakunja mguu wa nyuma, anajibanza chini ya beseni la kufulia. Kipanga aje amwambie yeye kwamba ni mbwa tu.

Fundi Saa: Pole mzee. Sheria ya ustawi wa wanyama hapa Tanzania ipo, kama sikosei ya 2008.

Kipanga: Sheria ya makelele je? Huyo Simba si ndiye anayebweka saa nane za usiku, watu tusilale?

Mama Zawadi: Jamani, swali la mtoto...

Mzee wa Tandika: Ngoja kwanza mama. Kipanga, umemsikilia wapi Simba wangu?