MJADALA: Vikundi vya wafanyakazi mahotelini vinamfaa nani?

Mwanapaje
Assalaam alaykum. Naleta hoja, naomba tusitukanane. Hoteli ninayofanyia kazi huku mashariki ya Unguja imepata meneja mpya. Katwambia tuunde vikundi vinne: cha wanawake, cha vijana, cha wenyeji wa kijiji na cha wanaotoka Bara. Kila kikundi kikutane mara moja kwa mwezi, kimpelekee mawazo. Anasema makampuni makubwa ya Marekani yanafanya hivyo na faida wanaiona. Kuna wenzangu waliofurahi, na kuna wanaosema tunagawanywa. Mie nauliza: vina faida ya kibiashara kweli, au ni vikao vya chai?

Karafuu Kavu
Wa alaykum salaam. Meneja wako hakudanganya. Mambo haya yalianzia Xerox, kampuni ya mashine za kutoa nakala, mji wa Rochester. Mji ule uliwaka ghasia za rangi mwaka 1964, kampuni ikaanza kuajiri watu weusi kwa wingi. Kuajiriwa wakaajiriwa, lakini wauzaji weusi wakawa wanapewa mitaa isiyouzika. Mwaka 1970 wakaunda umoja wao, wakawa wanadai kwa sauti moja.
Halafu kuna Frito-Lay, kampuni ya vitafunwa. Wafanyakazi wenye asili ya Amerika ya Kusini na Meksiko wana kikundi chao kinaitwa Adelante. Kampuni ilipotaka kutoa Doritos, chipsi za mahindi, za ladha ya guacamole, yaani embe mafuta (parachichi) lililopondwa, iliwaonjesha wao kwanza, wakasema wapi pamekosewa. Mauzo ya mwaka wa mwanzo yanatajwa kupita dola milioni 100. Hiyo si chai.

Mzee wa Malindi
Nimesimamia hoteli miaka 19, vikundi sivipingi. Lakini tusemeni ukweli. Wanawake wetu wa Kizanzibari hawadumu kazini. Unamfundisha mtu mapokezi miezi sita, Kiingereza kimekaa, kompyuta kaizoea, anaolewa, mume anasema basi. Hasara ya kumfundisha ni yako. Kikundi hakitibu hilo.

Binti Wete
Shikamoo mzee, lakini hapo umenichoma.
Mie nimeacha kazi hoteli moja ya kaskazini, na mume wangu hakunambia neno. Zamu ilikuwa ikiisha saa tano usiku. Daladala za 116, za Nungwi, saa hizo huzioni. Unapanda bodaboda na mtu usiyemjua, kizani, unamlipa karibu nusu ya ulichokipata siku hiyo. Niliomba gari la wafanyakazi mara mbili. Nikajibiwa, "mbona wenzako hawalalamiki?" Wenzangu walikuwa wakilia chumba cha kubadilishia nguo! Halafu siku moja nikaambiwa nikikaa mapokezi nivue mtandio. Nikatoka. Sasa wewe unakuja kumsingizia mume.

Kijana wa Darajani
Dada pole kwa gari. Lakini mtandio, sare ni sare. Ulipotia saini ulijua.

Binti Wete
Nilitia saini kutandika vyumba, wakanipandisha mapokezi kwa sababu nasema Kitaliano. Kichwa kilikuwa hiki hiki.

Mpishi Kiwengwa
Kijana, mwaka 2023 waliingia wageni zaidi ya 600,000 visiwani. Nitafutie mmoja aliyerudi kwao kwa sababu kapokewa na msichana kavaa mtandio. Wakifika Mji Mkongwe hao hao wanaomba kupiga picha na bibi kavaa kanga.

Kijana wa Darajani
Kupiga picha ni kitu chengine. Mimi nimesema sheria ya mwajiri, msinigeuzie maneno nikawa napinga dini. Na mkishikilia hayo ndiyo maana nafasi zote wanachukua watu wa Bara.

Mgogo wa Jambiani
Nilijua tutafika hapa. Nimetoka Dodoma, huu mwaka wa nane nipo pwani hii. Sikumpokonya mtu kazi, niliomba nikapewa. Kiswahili changu kinachekwa jikoni kila siku, chumba nakodishwa bei ambayo mwenyeji haulizwi, na Ramadhani nikinywa maji nafanya kwa kujificha, kwa heshima yenu. Hicho kikundi cha Bara kikianzishwa nitakuwa wa kwanza, angalau nipate pa kusemea.

Mpishi Kiwengwa
Kaka, na anayekucheka akucheke mbele yangu. Siku ya futari si unakaa na sisi?

Mgogo wa Jambiani
Nakaa. Na uji wenu wa pilipili manga naupenda. Sikuwa nasema wewe.

Haki Kazini
Jamani mtandio umekula kurasa mbili na swali limeachwa. Tazameni alivyoandika mwenye mada: meneja *ndiye* aliyepanga vikundi, *ndiye* aliyevipa majina, na *kwake* ndiko mawazo yanakokwenda. Wale wa Xerox hawakupangwa na bosi, walijipanga. Huko huko Marekani sheria ya mwaka 1935 inamkataza mwajiri kuunda au kutawala chombo cha wafanyakazi kinachozungumza naye masharti ya kazi, maana walishaona mchezo. Sisi tuna Sheria ya Mahusiano Kazini, Namba 1 ya 2005, inatupa haki ya chama chetu wenyewe. Gari la usiku ni sharti la kazi, halihitaji kikundi cha wanawake. Linahitaji mkataba wenye saini.

Kijana wa Darajani
Chama? Chama kinakata mshahara tu. Na mimi bado sijajibiwa kuhusu sare.

Karafuu Kavu
Haki Kazini, nakukubalia nusu. Chama kinadai, lakini hakimwambii meneja kwamba mtu mwenye saumu hapangwi kusimama jikoni mbele ya moto mchana kutwa akiwa peke yake, wala kwamba wageni wanauliza urojo na kwenye menyu haumo. Hayo anayajua anayeishi nayo. Kampuni inayapata bure, na hapo ndipo faida ilipo.

Binti Wete
Umesema mwenyewe: bure.

Mzee wa Malindi
Marahaba binti yangu. Nilichelewa kujibu, nilikuwa nimekasirika, nikasema huyu mtoto ananivunjia heshima mbele za watu. Nimelala nayo.
Hoteli yangu ya mwisho tulikuwa tumekodi gari la kuwarudisha wafanyakazi usiku. Msimu wa masika wageni walipopungua, nililifuta mimi, kwa kalamu yangu. Katika miezi miwili waliondoka wasichana wanne. Kwenye ripoti niliandika "wameolewa". Wawili walikuwa wameolewa kweli, tena zamani, nilihudhuria harusi moja. Kuwafundisha wanne wengine kulinigharimu zaidi ya lile gari, hesabu hiyo nimeipiga leo, wakati ule sikuipiga.

Binti Wete
Ahsante kwa kusema. Uliwauliza?

Mzee wa Malindi
Hapana.

Mwanapaje
Nashukuru wote. Kikao chetu cha mwanzo ni Jumatano, cha wanawake. Mimi ndiye nimechaguliwa kuandika. Nianze na gari au mtandio?

Mpishi Kiwengwa
Gari.

Mgogo wa Jambiani
Gari. Na sisi wanaume tunalihitaji.

Haki Kazini
Kwanza uliza kama kikao kinahesabiwa saa za kazi.

Mwanapaje
Nishauliza. Ni baada ya zamu. Saa nne na nusu usiku.

Binti Wete
Na mtarudi na nini?