Ukili wa bibi haujashonwa. Nani anajua kushona mkeka wa Matondoni?

mjukuu_mkubwa

Assalam aleikum jamaa. Bibi yetu, mzaa mama, alifariki mwezi wa Shaaban, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hitima tumeshasoma. Kuna jambo alilotuachia ambalo nyumbani hatukubaliani, nikaona nilete hapa kwa mlioko Amu (Lamu) na mnaojua kazi ya mikono.

Bibi alikuwa mtu wa kijiji cha Matondoni. Babu akiunda majahazi ufuoni, yeye akisuka, na mara nyingi pesa ya mkeka ndiyo iliyonunua unga wakati jahazi linangoja mbao. Hata alipohamia mjini Langoni kulea wajukuu, miyaa, majani ya kusukia, ilimfuata kwa mashua. Aliianika juu ya paa, akaichana kwa ukucha wa kidole gumba cha kulia. Ukucha huo aliufuga kwa kazi hiyo tu, na hata alipougua tukawa tunamkata kucha, ule alituzuia. Chane alizikunja ndani ya kitambaa kibichi zisikauke, nacho kitambaa kilikaa pajani kutwa. Alipima kwa shibiri na dhiraa, futi hakuishika. Ukimjia unalia, hakukuuliza umefanywa nini. Alikutia chane mkononi: "Ndoo, keti hapa, suka." Ukifika dhiraa moja ndipo akuulize, na hapo umeshatulia, unaweza kueleza likaeleweka.

Kila mjukuu wa kike aliyeolewa alipewa mkeka wa kulalia, na hakuna miwili iliyofanana. Wangu una zambarau na kijani. Rangi imepoa, lakini mshono haujaachia hata mmoja.

Uliobaki ni ukili, yaani utepe uliosukwa ambao bado haujashonwa, wa mkeka wa mdogo wetu wa mwisho, ambaye nikaha yake ni Mfunguo Tatu inshallah. Ni mabunda matatu. Mawili aliyasuka macho yakiwa mazima. La tatu alilisuka mtoto wa jicho ameshamziba, akihesabu chane kwa vidole. Upana wake unapanda na kushuka, na nakshi inatoka njiani, inarudi, inatoka tena. Khale, dada yake mama, anasema hilo lisitumike, tununue ukili mwingine Kipungani unaofanana na yale mawili. Mjomba anataka yote yatiwe kashani asiyaguse mtu. Bibi arusi mwenyewe amesema anataka mkeka wa kutandika, si wa kuficha, na mimi niko naye.

Tatizo ni kwamba bibi alitufundisha kusuka tu. Kushona alishona mwenyewe, akisema mikono miwili kwenye mshono mmoja hukunja mkeka. Sasa naomba kujua: ukili uliokaa mkavu muda mrefu unashoneka? Na hilo bunda la tatu litaingiaje bila kuupinda mkeka wote?

mama_kipungani

Waaleikum salaam mwanangu. Poleni sana, Mola ampe kauli thabiti.

Unashoneka. Ila usiutumbukize majini hata mtu akikwambia. Rangi ya kupika ikilowa sana hutoka, na zambarau ndiyo mbaya zaidi, itapaka hata sehemu nyeupe. Kwanza uanike juani siku kavu, wadudu watoke, ukung'ute. Kisha magharibi unyunyizie maji kwa vidole, uukunje ndani ya kanga mbichi iliyokamuliwa, uache ulale. Asubuhi jaribu kuupinda ncha. Ukilia "ta" bado haujawa tayari, ongeza maji kidogo ungoje. Usiuache hivyo siku nyingi, utashika ukungu.

Pima urefu wa mkeka kabla hujakata. Pale unapotaka kukata, shona kwanza kwa upana pande zote mbili, ndipo upitishe kisu katikati, la sivyo ukili utafumuka mkononi na hutaweza kuurudisha. Wa kushonea tumia mwaa mwembamba. Najua siku hizi wengi wanatumia uzi wa nailoni kwa sababu ni mwepesi kuupata, lakini nailoni hula chane, mimi siupendi.

Hilo bunda la tatu litie katikati. Ukilitia ukingoni, upande mmoja utavuta na mkeka utajikunja. Likiwa katikati linashikwa na wenzake kulia na kushoto. Palipopanuka, ingiza ukingo wake zaidi chini ya ukili wa jirani, palipobana ingiza kidogo. Usilivute kulinyoosha. Ukivuta leo, mkeka utarudi kwao kesho, na mishono itakatika.

wa_shela

Allah amghufirie bibi. Mimi nitamtetea mjomba kidogo.

Mji wetu wa Amu uliandikwa UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2001 na sote tunajivunia majumba ya mawe na milango ya nakshi. Lakini nani anaweka kazi ya hawa kina bibi? Mitepe, vile vyombo vya zamani vya kushonwa kwa kamba, ilisafiri pwani hii yote kwa tanga lililosukwa kwa miyaa. Leo mtepe tunauona kwa mfano mdogo ndani ya makumbusho, na waliosuka yale matanga hatuwajui hata mmoja kwa jina. Mkeka ukitandikwa utaliwa na miguu, ndiyo kazi yake, sipingi. Lakini kabla hamjashona kateni shibiri moja ya kila bunda, shoneni ncha, muweke na karatasi iliyoandikwa jina la bibi, alizaliwa wapi na nani alimfundisha. Hilo la nani alimfundisha muulizeni khale sasa, angali yuko.

kofia_ya_mkono

Bibi yenu nahisi namjua. Kama ni yule wa daka, kibaraza cha mlangoni, la karibu na mskiti pale Langoni, mimi nilikuwa nikimpitia kila alasiri na kofia ninayoishona mkononi. Siku moja, macho yameshaziba kabisa, aliniomba kofia aishike. Akaipitisha kidole mstari kwa mstari, akasimama: "Hapa ulikuwa na haraka." Nikatazama. Tobo moja lilikuwa dogo kuliko wenzake, mimi mwenye macho sikuliona. Niliufumua mstari ule nikaushona upya.

Kwa hiyo mwambie khale asilihukumu bunda la tatu kwa macho. Afumbe macho alipitishe kidole.

mjukuu_mkubwa

Ndiye huyo huyo, kaka. Umeniliza.

Nimefanya ulivyosema, mimi na khale, jana baada ya isha. Nakshi imepotea kweli, na upana unayumba. Lakini kaza yake ni moja mwanzo mpaka mwisho, hakuna chane iliyolegea. Khale alirudia mara ya pili akiwa kimya, kisha akasema mwalimu wa bibi alikuwa shangazi yake huko huko Matondoni, mke wa mvuvi, na kwamba naye alisuka mpaka akiwa kipofu. Tangu nizaliwe sikuwa nimelisikia hilo. Nimeliandika, wa_shela, na shibiri tatu tutazikata. Mjomba ameridhika na hizo.

Khale amekubali kushona yeye, mkono mmoja, na mimi nitamshikia. Bunda la tatu katikati. Mama, kuna swali moja limebaki: mwaa wa kushonea tulionao ni wa zamani na unakatika. Kuna yeyote anayekuja mjini kwa mashua kutoka Matondoni au Kipungani wiki hii atuletee fungu moja la miyaa nyeupe, isiyotiwa rangi? Nitampokea gatini na nitamlipa hapo hapo.

mama_kipungani

Mwanangu wa kiume anakuja Alhamisi na samaki. Nitampa mafungu mawili, moja lipasuke mkijifunza. Pesa usimpe.