"Downstream" katika ripoti ya maji: tafsiri ipi inafaa?

Muulizaji, Moshi
Wanajukwaa, habari za kazi. Ninatafsiri ripoti ya Bonde la Pangani kwa ajili ya jumuiya ya watumia maji ya huku kwetu, na neno la Kiingereza "downstream" linanisumbua, kwani limetumika kwa wakulima, kwa mitambo ya umeme na, ajabu kidogo, kwa wauza mafuta ya petroli. Je, "chini ya mto" inatosha kote?

Mdau wa maji, Arusha
Haitoshi, ndugu, maana msomaji anaweza kudhani unazungumzia sakafu ya mto. Tumia "mkondo wa chini", kisha utaje ni chini ya wapi. Mkulima wa Hai anayemwagilia kwa maji ya Mto Weruweru yuko chini ya mwenye mfongo (mfereji wa asili wa kumwagilia) aliye mlimani, lakini huyohuyo yuko juu ya bwawa la Nyumba ya Mungu, ambalo hupokea maji ya mito Kikuletwa na Ruvu kabla ya Mto Pangani kuyapeleka kwenye mitambo ya Hale na hatimaye baharini. Ukiandika "watumiaji wa mkondo wa chini" bila kutaja mahali, kila kijiji kitajiona ndicho kinachodhulumiwa.

Msomaji mwingine, Arusha
Kuhusu petroli, mwandishi hakukosea. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 iliipa PURA, mamlaka ya udhibiti wa mkondo wa juu wa petroli, usimamizi wa mkondo wa juu, yaani utafutaji na uzalishaji, kama ilivyo kwa gesi ya Songo Songo, ilhali mkondo wa kati na wa chini, hadi uuzaji, uko chini ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Kituo kinachokuuzia dizeli hapo Moshi kimo katika mkondo wa chini, hata kama mafuta yamesafirishwa kupanda huko kutoka bandarini!

Muulizaji, Moshi
Nashukuruni sana. Na "athari" zinazoitwa "downstream" vilevile, nizitafsirije?

Mdau wa maji, Arusha
Pasipo na mto, andika "athari zinazofuata", basi. Lakini ikiwa ripoti inaeleza maji ya chumvi yanavyopanda kutoka baharini pale Mto Pangani unapopungua, hizo ni athari za mkondo wa chini kwa maana yake halisi, nawe uutaje mji wa Pangani kwa jina.