Kitu cha thamani ulichokikuta humo humo nyumbani kwenu: tupeane uzoefu

Mleta mada (Dar)
Habari za jioni wakuu. Jana nimerudia kuangalia ile sehemu ya saa ya mfukoni katika tamthilia ya vichekesho ya runinga, Only Fools and Horses, iliyorushwa Uingereza Desemba 1996. Usiku ule waliitazama watu zaidi ya milioni 24. Kwa ambao hawaijui: Del na mdogo wake Rodney ni wachuuzi wa Peckham, London, na Del haishi kuapa kwamba mwakani watakuwa mamilionea. Siku moja baba yake Raquel, mwenzi wa Del, anaingia gereji yao kufuata gari lake. Mzee huyu anauza vitu vya kale. Katikati ya makorokoro anaona saa ya mfukoni. Kumbe ni kazi ya John Harrison, seremala wa Kiingereza wa karne ya 18 (huyu ni mtu wa kweli) aliyewatengenezea mabaharia saa ya kujulia longitudo. Kwenye mnada wa Sotheby's inauzwa pauni milioni 6.2. Del anazimia.

Kilichonikaa rohoni ni ile gereji. Miaka yote ndugu hawa walikuwa wakiiruka saa hiyo kwenda kuchukua vitu vya kuuza sokoni.

Naanza mimi. Marehemu mama alikuwa na kopo la biskuti la kuwekea vifungo. Wenzangu waligombania cherehani, kopo nikaachiwa mimi. Mwaka umepita, natafuta kifungo cha shati la mtoto, nikakuta chini kabisa kipande cha kanga kimepigwa fundo. Ndani hereni zake za harusi, ambazo wote tulijua aliziuza kunilipia ada ya kidato cha tano. Hadi leo sijui ile ada aliipata wapi.

Mdau wa Morogoro
Pole sana mkuu. Sisi ilikuwa ofa ya kiwanja. Miaka sita jirani anatuzungusha barazani, kila kikao tunaambiwa leteni karatasi. Tulibomoa hadi dari. Siku ya kupaka rangi sebuleni nikashusha picha ya harusi ya wazazi. Fremu ilishaliwa na mchwa, kadibodi ya nyuma ikaachia, karatasi ikadondoka miguuni pangu. Imekunjwa mara nne, mhuri umefifia, na stakabadhi imeshikizwa kwa pini yenye kutu iliyoacha doa la kahawia juu ya jina la mzee. Sikuipangusa hata vumbi, nilikimbia nayo kwa kaka vile vile. Kesi iliisha kwa vikao viwili.

Mdau wa Nairobi
Logbook ya gari ya mzee. Ndani ya Biblia, kwenye Zaburi. Tuliisaka miezi minane.

Mdau wa Unguja
Yangu mie haina furaha. Bibi alikuwa na kasha la misumari ya shaba, sie tukitilia mkaa. Akaja dalali, akatoa elfu arobaini, nikamshukuru kwa kutupunguzia mizigo ukumbini. Kabla ya kulibeba akapiga magoti, akaingiza mkono ndani, akasukuma kibao. Kikatoka kijidroo ambacho sie tuliozaliwa nyumba ile hatujapata kukiona. Kilikuwa kitupu. Lakini mkono wake ulikwenda pale pale bila kupapasa, na hapo ndipo nilipojua nimeuza nini. Nilimwomba turudishiane, akakataa.

Mleta mada
Mdau wa Unguja, pole. Hilo la mkono usiopapasa nimelisoma mara tatu.

Mtakaoitafuta, msiikimbilie sehemu ya mnada. Kuna kipande cha lifti: mimba ya mke wa Rodney imeharibika na Rodney hawezi kulitamka. Del anaikwamisha lifti makusudi, wakae wawili humo ndani mpaka mdogo wake aseme. Mimi hicho ndicho ninachokirudia.

Endeleeni, nasoma yote.