Laki nne mkononi: simu mpya ya bei poa au used ya kampuni kubwa, ipi inadumu?

Mpangaji wa Mbagala
Wakuu habari za mchana. Simu yangu imekata roho juzi, nina laki nne na ishirini, naombeni mawazo ila msinitukane.

Ilikuwa mpya ya boksi, kampuni siitaji, niliinunua laki tatu na nusu. Kwenye boksi wameandika RAM 8, yaani GB 8 za memori ya kuendeshea programu, kwa herufi kubwa kuliko jina la simu yenyewe, nafika nyumbani nasoma vizuri kumbe ni 4, hizo 4 zingine ni za "kuongezewa", yaani inaazima kwenye memori ya ndani. Haya, miezi sita ya kwanza safi. Mwezi wa saba ikaanza uzito, unabonyeza WhatsApp unaenda kubandika maji ya chai unarudi ndo inafunguka. Mwezi wa 14 ikazima jumla, fundi anasema bodi, ile sahani ya ndani inayoendesha simu yote. Nikapiga hesabu, 350,000 gawa kwa 14 ni elfu 25 kila mwezi. Ile simu nilikuwa nimeipanga kama chumba, sikuwa naimiliki.

Mdogo wangu wa kike ana used, toleo la 2019, alichukua kwa laki nne na ishirini, akaweka betri ya elfu 45, leo mwezi wa 31 bado inapiga kazi. Hiyo ni elfu 15 kwa mwezi. Mimi nasema mpya za bei ya chini zinatula kuliko used nzuri. Anayebisha aje na hoja.

Boda wa Tegeta
Nabisha mimi. Kaka inaonekana simu yako inakaa mezani, ya kwangu inakaa kwenye usukani, mvua yake jua lake. Mwaka huu imedondoka nimeacha kuhesabu, kioo nimebadilisha mara mbili, elfu 40 kila mara na nilisubiri palepale nakunywa soda. Rafiki yangu na used yake ya kioo cha kukunja pembeni kaambiwa laki na themanini akaacha, sasaivi anasoma meseji katikati ya nyufa. Halafu betri, yangu ni mAh 5000 inamaliza siku nzima ramani imewaka. Hizo used zenu saa saba mchana zinaomba chaja, abiria anapiga hupatikani, hiyo hela iliyopotea umeiweka kwenye hesabu yako ya elfu 15?

Mzee wa Kitochi
Vijana mnahangaika. Nokia 1100 ilitoka 2003, ziliuzwa zaidi ya milioni 250 na sijawahi kumpelekea fundi ya kwangu, ilidumbukia kwenye ndoo ya maji ya kufulia nikaianika kwenye bati jioni nikapiga nayo. Tochi juu.

Mpangaji wa Mbagala
Shikamoo mzee wangu. Ilidumu kwasababu ilikuwa haifanyi kitu hahaha, tochi, meseji na ule mchezo wa nyoka. Nitume picha ya mzigo kwa mteja na nini?

Mzee wa Kitochi
Marahaba. Lakini betri ulikuwa unaitoa kwa ukucha kijana. Ile BL-5C mpaka leo ipo kwenye kila kibanda, na redio yangu ya mezani inatumia hiyohiyo.

Spana Ndogo
Hapo mzee kagusa penyewe na nyie mmempita. Mimi ni fundi, mwaka wa tisa niko mtaa wa Aggrey Kariakoo, nyie mnabishana mpya na used wakati mimi mteja akiniletea simu naangalia kitu kimoja tu, spea ipo na bei gani. Zile mpya za bei poa mnazozitukana vioo vyake vimejaa kila duka kwasababu kila mtu anazo, lakini zikigonga bodi nakwambia ukweli kaitupe, gharama ya kuchezea bodi na nguvu yake haviendani. Used za kampuni kubwa ni kinyume, bodi ngumu, ukileta imezima mara nyingi naiamsha, ila kioo cha OLED, vile vinavyotoa mwanga vyenyewe, kikiwa orijino kinaweza kufika nusu ya bei uliyonunulia simu, na ukienda kwenye kopi cha bei ndogo kinakula chaji na rangi zinakuwa kama picha ya studio ya zamani. Na ule mstari wa kijani katikati ya kioo msiniletee nigonge gonge, hautoki, ni kioo kipya tu.

Betri sasa. Betri ya lithiamu nyingi zimetengenezwa kwa chaji kama 500 kamili ndo inashuka kwenye asilimia 80, ukichaji kila siku huo ni mwaka na nusu hivi, iwe mpya iwe used. Na joto linaimaliza mapema, watu mnalaza simu chini ya mto iko kwenye chaji halafu mnasema kampuni mbaya. Watu wakiona uzito wanafikiri simu imezeeka. Disemba 2017 Apple wenyewe walikiri walikuwa wanapunguza spidi ya iPhone zenye betri iliyochoka, wakashusha bei ya kubadilisha kutoka dola 79 mpaka 29, watu wakaweka betri mpya simu ikaamka. Ya kwako lakini ndugu mpangaji haikuwa betri, memori ya ndani ilikuwa imejaa na kuchoka, na hiyo RAM ya kuazima ndo ilikuwa inaikamua zaidi.

Bi Mkubwa Chumbageni
Fundi nikuulize mwanangu, na zile used zinazokuja zimefungwa na mwenye nazo wa kwanza? Mie nilinunua kwa kijana hapa Tanga, inang'aa, betri inasoma asilimia 100. Mwezi wa pili kanishauri mtu niifute ianze upya, ikaniomba akaunti ya mtu simjui. Kijana namba haipatikani. Ipo kabatini, saa zingine naitumia kioo cha kujipodoa.

Spana Ndogo
Pole sana mama. Hiyo mara nyingi haifunguki bila mwenyewe, anayekwambia anafungua kwa elfu 50 ni mwizi wa pili. Kabla hujatoa hela muambie muuzaji aifute mbele yako, uiwashe, uingize akaunti yako. Piga *#06#, namba ya utambulisho wa simu itakayotokea ifanane na ya kwenye boksi. Na simu ya 2018 inayosoma betri 100, ama imebadilishwa ama imechezewa, kuna kimashine kinafanya hiyo kazi.

Kadzo wa Likoni
Hapa Mombasa mjadala ni mwingine, watu wanachukua za mkopo. Mimi nililipa kila siku mwaka mzima, ukichelewa inajifunga hata ukiwa katikati ya M-Pesa. Nikajumlisha, nimelipa karibu mara mbili ya bei ya dukani. Used ningekuwa nishanunua mbili. Lakini pesa yote kwa mkupuo ningetoa wapi?

Mbeba Boksi Hamburg
Huku Ulaya kuanzia tarehe 20 Juni 2025 simu mpya inayoingia sokoni betri ichajiwe mara 800 na ibaki asilimia 80, spea zipatikane miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa, apdeti angalau miaka 5. Used zitakazokuja huko baada ya miaka mitatu zitakuwa tofauti na hizi za sasa. Mwenye haraka asubiri kidogo.

Boda wa Tegeta
Miaka mitatu bro, na abiria wangu wasubiri?

Spana Ndogo
Hiyo ya apdeti ni kweli lakini muiangalie. iPhone X iliachwa na iOS 17, yaani mfumo mpya wa iPhone, mwaka 2023, bodi nzima kabisa. WhatsApp nayo Januari 2025 iliacha simu za mfumo wa zamani wa Android 4.4. Nina droo imejaa simu nzima ambazo hakuna anayezitaka.

Mpangaji wa Mbagala
Sawa, kioo nilikuwa sijakihesabu, boda kanibana. Fundi, ile ya mdogo wangu ikidondoka leo kioo shilingi ngapi?

Spana Ndogo
Ya 2019 ya kioo cha kukunja pembeni? Orijino ya kutolewa kwenye simu nyingine, laki mbili na kumi. Jana.

Mpangaji wa Mbagala
Duh. Ngoja nimpigie nimuulize kama ana proteka.