Nataka kuanzisha blogu ya kilimo cha viazi na parachichi: nianzie wapi, na nitaitunzaje isife?

UganiNjombe aliuliza:

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni afisa ugani katika Mkoa wa Njombe, na huu ni mwaka wa 14 nikiwahudumia wakulima wa viazi mviringo na, tangu parachichi aina ya Hass zilipopamba moto huku kwetu, wakulima wa parachichi pia. Mvua zikishakolea, simu yangu haipumziki. Swali moja naweza kuulizwa hata mara kumi kwa siku: "Dada, majani ya viazi yamepata mabaka meusi na kwa chini kuna kama unga mweupe, nipige dawa gani?" Namweleza anayepiga, nakata, na kabla sijarudisha simu mfukoni anapiga wa kijiji cha pili na swali lile lile.

Nimefikiria kuyaandika majibu haya mahali ambapo mkulima anaweza kuyasoma usiku akiwa nyumbani, akayarudia, akamwonyesha na jirani yake. Kundi la WhatsApp tunalo, lakini jibu nililoandika Jumatatu, ikifika Ijumaa limeshafunikwa na salamu, matangazo ya misiba na picha za harusi, nami nalazimika kuliandika upya. Ndiyo maana nimeona blogu itafaa zaidi.

Naomba mnishauri kuhusu mambo haya: nitumie huduma ya bure au ya kulipia, niandike kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, maana mwenzangu mmoja amenieleza kwamba Kiingereza kina wasomaji wengi, na niandike mara ngapi. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni utunzaji wenyewe, kwa sababu nimeona blogu nyingi zilizoanza kwa kishindo zikaishia kwenye chapisho la nne.

NyukiTabora alijibu:

Dada, hongera kwa wazo hili, na nakuomba usiliache. Natunza blogu ya ufugaji wa nyuki tangu mwaka 2013, kwa hiyo nitakueleza yale niliyoyaona kwa macho yangu.

Kabla hujafungua chochote, chukua daftari na kwa wiki mbili uandike kila swali unaloulizwa, kwa maneno yale yale ya aliyeuliza. Usiyasafishe. Sisi wataalamu tunasema "udhibiti wa baka chelewa", yaani ule ugonjwa wa mabaka meusi unaoulizwa kila siku, lakini mkulima aliye na simu mkononi anaandika "viazi vinakauka majani", na chapisho lisilo na maneno yake hatalifikia kamwe, hata kama jibu lililomo ni sahihi kabisa. Maswali hayo ndiyo yatakayokuwa vichwa vya machapisho yako. Andika majibu manane hivi yaliyokamilika, uyaweke akiba, ndipo ufungue blogu. Wiki za kupanda zitakapokubana shambani utakuwa na cha kutoa bila kukesha.

Kuhusu lugha, wala usisite. Ndesanjo Macha alipoanzisha blogu yake ya Kiswahili, Jikomboe, mwaka 2004, watu waliamini kwamba mtandao ni mahali pa Kiingereza, na yeye akaandika kwa Kiswahili, akapata wasomaji na akawavuta wengine waandike. Unaowaandikia wewe ni wakulima wa Makete, Wanging'ombe na Ludewa. Wasomaji wengi wa Kiingereza hawana shamba la viazi huko.

Kuhusu idadi ya machapisho, mimi nimeacha kuhesabu kwa wiki na sasa nafuata msimu. Makala ya kuchagua mbegu lazima iwe imetoka kabla watu hawajanunua mbegu, na ya baka chelewa iwe imetoka kabla mvua hazijakolea, kwa sababu ugonjwa ule ukishaingia shambani kukiwa na baridi na unyevu, mkulima hana wiki moja ya kukusubiri. Miezi ya kiangazi, shughuli zinapopungua, ndiyo ya kurudi kwenye machapisho ya zamani.

Hapo ndipo penye utunzaji wenyewe, na naomba nipazungumzie kwa kirefu. Watu wengi hudhani kutunza blogu ni kuongeza makala mpya. Mwaka 2015 niliandika makala kuhusu bei ya asali, nikaiacha. Baada ya miaka minne alinijia mfugaji mmoja kutoka Sikonge, akaniwekea simu mezani ikiwa imefunguliwa kwenye makala ile. Alikuwa na madumu sita ya asali na alikuwa amemkataa mnunuzi kwa sababu bei aliyopewa ilikuwa tofauti na yangu. Mnunuzi aliondoka, na madumu yalikaa ndani hadi asali ikaanza kuganda. Hakunitukana. Aliniuliza tu kwa nini sikuandika kwamba bei ile ni ya zamani. Tangu siku hiyo kila chapisho langu lina mstari wa kwanza kabisa unaosema limehakikiwa lini mara ya mwisho, na lile nisiloweza kulihakiki naliondoa.

Kwako wewe jambo hili ni zito kuliko kwangu, kwa sababu utaandika kuhusu viuatilifu, yaani dawa za kuua wadudu na magonjwa ya mimea. Chukua mfano wa klopairifosi, dawa ya kuua wadudu: Umoja wa Ulaya uliacha kuiidhinisha mwanzoni mwa mwaka 2020, na baadaye mwaka huo huo ukashusha kiwango kinachoruhusiwa kubaki kwenye mazao hadi miligramu 0.01 kwa kilo. Mkulima wa parachichi anayelenga soko la huko akifuata ushauri ulioandikwa mwaka 2018, mzigo wake unaweza kukataliwa, hata kama ushauri ule ulipoandikwa ulionekana sawa. Kwa hiyo kila mwaka kabla ya msimu, fungua kila chapisho linalotaja dawa, ulilinganishe na orodha ya viuatilifu vilivyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na kwa viazi uwaulize watafiti wa TARI Uyole, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kama kuna kilichobadilika.

FundiMorogoro alijibu:

Naongezea upande wa ufundi, kwa kuwa mwenzangu ameshalimaliza lile kubwa.

Anza na huduma ya bure. Blogger, ambayo ni huduma ya kuandikia blogu, ipo tangu mwaka 1999 na imekuwa mikononi mwa Google tangu 2003. Haikutozi chochote kwa kuhifadhi maandishi yako, na haikudai usasishe programu yoyote. WordPress nayo ni nzuri, ila watu huchanganya vitu viwili: kuna huduma ambayo unafungua akaunti na kuandika, na kuna programu ambayo unaisimika mwenyewe kwenye seva, yaani kompyuta ya kuhifadhia tovuti, unayoilipia. Hii ya pili inakupa uhuru mkubwa, lakini usipoisasisha pamoja na programu-jalizi zake, yaani programu ndogo za kuiongezea uwezo, wahalifu wa mtandaoni huingia kupitia tundu ambalo limeshatangazwa na kuzibwa zamani kwa wenzako waliosasisha. Mtu anayeshinda shambani asijitwishe mzigo huo mwaka wa kwanza.

Kitu kimoja ambacho ningekushauri ukilipie mapema ni jina la kikoa, yaani anwani yako mwenyewe ya mtandaoni. Majina yanayoishia na .tz huuzwa kupitia mawakala waliosajiliwa. Blogger inakuruhusu kuliunganisha jina lako bila malipo ya ziada, na faida yake ni kwamba siku ukihamia huduma nyingine, anwani waliyoizoea wakulima haibadiliki. Lisajili kwa jina lako mwenyewe, wala usikubali fundi alisajili kwa jina lake akidai anakurahisishia kazi. Kisha andika tarehe ya kulilipia tena kwenye kalenda unayoitazama kila siku, kwa kuwa jina lisipolipiwa mtu mwingine ana haki ya kulichukua.

Jambo la picha nalo ni muhimu kwa wasomaji wako. Picha moja ya simu za siku hizi inaweza kufika megabaiti 4. Ukiweka tano kwenye makala moja, msomaji wa kifurushi kidogo umemlia megabaiti 20 kabla hajasoma neno. Zipunguze upana hadi pikseli 1,000 hivi na uzibane, kila moja ishuke chini ya kilobaiti 150, na zote tano hazitafika hata megabaiti moja. Mabaka kwenye jani yataonekana vizuri tu, mradi ulipiga kwa karibu na jua likiwa nyuma yako.

MshonajiTanga alijibu:

Shoga yangu, naomba usome haya kwa makini. Nilikuwa na blogu ya ushonaji yenye machapisho 63: jinsi ya kukata gauni la solo, jinsi ya kupima bega la mtu mnene, kila kitu kikiwa na mchoro niliouchora kwa mkono. Akaunti niliifungua kwa namba ya simu ambayo baadaye niliacha kuitumia, kwa sababu nilikuwa na laini nyingine. Sikujua kwamba laini ikikaa muda mrefu bila kutumika hurudishwa sokoni na kuuzwa kwa mtu mwingine. Simu yangu ilipoibiwa, nikajaribu kuingia kwenye akaunti kwa simu mpya, ujumbe wa uthibitisho ukawa unakwenda kwa mtu nisiyemjua. Sikuipata tena hadi leo, na nakala nyingine sikuwa nayo.

Kwa hiyo siku ile ile utakayofungua blogu, weka namba unayoitumia, ongeza barua pepe ya pili ya kurejeshea akaunti, washa uthibitisho wa hatua mbili, na zile namba za dharura unazopewa uzichapishe kwenye karatasi uiweke pamoja na vyeti vyako. Kisha kila mwisho wa mwezi upakue nakala rudufu ya blogu nzima. Kwenye Blogger sehemu hiyo iko ndani ya mipangilio na kazi yenyewe ni ya dakika chache. Siku hizi nakala ya blogu yangu mpya iko kwenye kompyuta ya duka na nyingine kwenye flashi iliyo nyumbani kwa dada yangu.

MtumishiDodoma alijibu:

Afisa, wewe ni mtumishi wa umma, kwa hiyo omba ruhusa ya mwajiri wako kwa maandishi kabla hujachapisha, na usiweke taarifa au takwimu za ofisi ambazo hazijatolewa rasmi. Pia wasiliana na TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, uwaeleze aina ya maudhui utakayotoa. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu kuwa na leseni, zikaja nyingine mwaka 2020, na baada ya hapo zimefanyiwa marekebisho. Usitegemee makala za zamani zilizozagaa mtandaoni kuhusu nani anahitaji leseni na ada yake ni kiasi gani. Na ukiweka picha ya mkulima au kutaja shamba lake, mwombe ridhaa kwanza, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda na yeye.

ViaziNyandarua alijibu:

Mimi ni mkulima wa viazi huku Nyandarua, Kenya, na baridi yetu ni kama yenu. Ombi langu ni moja tu: usifunge sehemu ya maoni, lakini weka utaratibu wa kuyapitia wewe kwanza kabla hayajaonekana. Nimefuata blogu moja iliyokuwa nzuri sana hadi maoni yake yakajaa watu wanaouza mikopo na dawa za miujiza, na mwenye blogu akawa hajibu mtu. Tukaondoka. Ukijibu maoni mara moja kwa wiki, kwa siku inayojulikana, tutasubiri.

UganiNjombe aliandika tena:

Nawashukuru sana nyote. Nimechukua muda kurudi kwa sababu nilitaka nije na kitu mkononi. Barua ya ruhusa nimeipata, TCRA nimewaandikia nasubiri jibu lao, na daftari lina maswali 41, ambayo nikiyaunganisha yanayofanana yanabaki 17. Jina la kikoa nimelilipia kwa jina langu.

Chapisho la kwanza, ambalo bado halijatoka, nilimpa mkulima mmoja alisome mbele yangu kwenye simu yake, tukiwa tumekaa juu ya magunia yake ya mbegu. Alisoma vizuri hadi alipofika nilipoandika kipimo cha dawa kwa gramu kwa kila lita ya maji, akasimama. Akaniuliza, "Mimi nina pampu ya lita 16, na mizani sina. Hapa unaniambia nini?" Sikuwa na jibu lolote ndani ya makala ile. Tukachukua kifuniko cha kopo la dawa yenyewe, tukapima kwa mizani ya duka la pembejeo kinabeba gramu ngapi, na sasa makala inaeleza vifuniko vingapi kwa pampu ya lita 16 na vingapi kwa ya lita 20, pamoja na picha ya kifuniko kilichojazwa na kusawazishwa juu.

Swali langu la mwisho ni hili: kopo la kampuni nyingine lina kifuniko kikubwa zaidi. Niweke vipimo vya makopo yote kwenye chapisho moja, au kila dawa iwe na chapisho lake?

NyukiTabora alijibu:

Kila dawa iwe na chapisho lake, dada, na jina la dawa liwe kwenye kichwa. Mkulima mwenye haraka akikuta vipimo vitatu kwenye ukurasa mmoja, atachukua cha kwanza anachokiona. Kampuni nayo ikibadilisha kopo, unarekebisha chapisho moja na tarehe yake bila kugusa mengine. Kwenye ile makala ya ugonjwa acha maelezo ya dalili na muda wa kupiga dawa, na mwisho wake uweke viungo vya kwenda kwenye kila dawa.

Na ile picha ya kifuniko uiweke juu kabisa, kabla ya maneno.